Boksi la Zamu Mbili

Benchi ni langu. Nalisema mapema kwa sababu wanaolikalia wameshasahau. Nililitoa nyumbani nilipoanza kushona viatu hapa ukutani, nikasema wateja waketi wakingoja. Mwaka haukwisha, wateja wakawa wanangoja wamesimama na benchi limepata wenyewe. Kuna Chuma, anayechomelea mageti ng'ambo ya barabara na kila kitu kwake dawa yake ni nondo. Kuna Mawimbi, fundi redio, ambaye akikwambia kesho, hesabu wiki mbili. Kuna mzee Karani, aliyestaafu ofisini akatoka na vitu vitatu: cheti cha shukrani, chupa ya chai ya lita tatu, na muhuri wa mpira ambao hakuna aliyekumbuka kumdai. Cheti kililiwa na mchwa. Chupa ndiyo inayotunywesha kahawa. Muhuri hukaa kwenye mfuko wa shati lake pamoja na kikopo cha wino, na hamshikishi mtu. Mimi wananiita Gundi. Wa mwisho ni Zamu Mbili, anayelinda ghala usiku na kushusha magunia mchana, na anayefika hapa saa kumi kila siku akiwa na vumbi la unga mpaka kwenye kope. Hapa hakuna anayekuja kupumzika. Tunakuja kuchoka pamoja.

Siku hiyo Zamu Mbili alikuja na boksi kubwa la katoni, zima, limefungwa kwa kamba. Akaliweka chini polepole, akakaa, akanyoosha mkono hewani bila kuangalia. Karani akautia kikombe.

Karani: Umehama?

Zamu Mbili: La binti yangu.

Chuma: Kahama yeye?

Zamu Mbili: Mwalimu wa chekechea kaleta kikaratasi. Kila mzazi atengeneze kitu kwa mkono wake, cha dukani hawataki. Watoto wana kona yao darasani, wanacheza baba na mama. Kinatakiwa kesho asubuhi.

Mimi: Kikaratasi kilikuja lini?

Zamu Mbili: Wiki iliyopita. Nimekiona leo. Kilikuwa chini ya sahani yangu.

Mawimbi: Basi tengeneza chochote. Mtoto ni mtoto.

Zamu Mbili: Chochote nilishatengeneza. Ndiyo maana nina boksi.

Akanywa kahawa, akafumba macho, tukadhani kalala. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia.

Zamu Mbili: Muhula uliopita nilimshonea mwanasesere. Suruali yangu ya lindo ilichanika, nikakata mguu mmoja, nikajaza sponji. Vifungo vya macho sikuwa navyo, nikashona uzi mweusi, mstari huku, mstari huku. Sindano ilinichoma mara nne, maana nilikuwa nasinzia. Akaenda naye shule. Mwalimu akamwambia mama yake, wenzake wote wanapanga vyao mezani, yeye wake hajamtoa kwenye begi hata siku moja. Anakwenda naye, anarudi naye, zipu imefungwa.

Mimi: Labda anaogopa ataibiwa.

Zamu Mbili: Mwanasesere wa suruali ya mlinzi? Nani amwibe? Kamwonea aibu, Gundi. Sikumwuliza, lakini mtu huelewa.

Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kusema leo joto. Hakuna aliyemwangalia usoni.

Karani: Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Chuma: Mtoto wa miaka mitano azae nini, mzee?

Karani: Nimeleta methali tu. Mengine mmalizie wenyewe.

Zamu Mbili: Ninachotaka ni kimoja. Kesho akifika darasani akitoe. Basi. Akiweke mezani na wenzake wakione.

Sasa ukitaka kuona watu waliochoka wakipata nguvu, walete kazi ya mtu mwingine. Chuma alishuka kwenye benchi, akachuchumaa mbele ya boksi, akalipiga kofi ubavuni kama anayenunua ng'ombe.

Chuma: Jiko. Baba na mama bila jiko ni watu wamekaa tu. Lakini la boksi halifai, litalowa. Nipe saa moja nikuchomelee la bati gumu. Mafiga manne, mlango, mpini wa nondo.

Mimi: Litakuwa na kilo ngapi?

Chuma: Nane. Tisa na rangi.

Mimi: Mtoto mwenyewe ana kilo kumi na sita.

Chuma: Ndipo ataliheshimu.

Karani: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mimi: Guu litavunjika kweli, likimdondokea.

Chuma hakujali. Alichukua chaki yangu ya kuchorea soli, akachora duara nne juu ya boksi, kubwa kuliko zinavyotakiwa, ya nne ikakatika pembeni kwa kukosa nafasi. Zamu Mbili alinyanyua kidole kumzuia, kidole kikachoka, kikashuka.

Mawimbi: Jiko la kuchora nani alionee fahari? Watoto wa siku hizi wanataka kitu kiitike. Hapa natoboa tundu, napitisha waya, naweka taa nyekundu. Akibonyeza, inawaka. Akibonyeza tena, inalia.

Zamu Mbili: Inalia vipi?

Mawimbi: Kama maji yamechemka. Naweza hata kuiwekea sauti ya mama, iseme chakula tayari. Na mlango ujifungue wenyewe mtoto akisogea. Nina kifaa nilikitoa kwenye mlango wa benki.

Chuma: Benki wanajua?

Mawimbi: Walikitupa.

Mimi: Mawimbi, simu ya huyu bwana umekaa nayo siku ngapi?

Mawimbi: Ile inangoja kipuri.

Kweli simu ya Zamu Mbili ilikaa kwa Mawimbi siku kumi na nne, ikarudi kama ilivyokwenda. Ukiiweka sikioni husikii kitu. Mpaka uiweke kwa spika, na hapo husikia wewe na mtaa mzima. Lakini hilo halikumzuia Mawimbi kuokota msumari wangu wa kutobolea ngozi na kutoboa boksi ubavuni. Tundu likatoka kubwa kama la sarafu. Akachungulia ndani, akaridhika, akarudi kukaa. Waya hakuwa nao.

Karani: Mmekwisha? Sasa msikilize mtu aliyefanya kazi ya kalamu. Jiko ni utumwa. Mfundishe mtoto jiko, utamkuta jikoni. Geuza boksi hili, kata dirisha hapa mbele, tayari una kaunta. Mtoto akae ndani, wenzake wapange foleni.

Chuma: Foleni ya nini?

Karani: Ya kuambiwa njoo kesho. Mtoto akizoea kupigwa kalenda angali mdogo, ukubwani haimuumi. Samaki mkunje angali mbichi.

Mawimbi: Sasa hiyo ni baba na mama?

Karani: Baba yuko kwenye foleni. Mama kampelekea chakula. Ni maisha kamili.

Na hapo, jambo ambalo sijawahi kuliona, Karani akatoa muhuri mfukoni. Akaufungua, akaugusa kwenye wino, akaupuliza, akaugonga juu ya boksi katikati ya mafiga ya Chuma. Wino wa zambarau: IMEPOKELEWA. Akautazama muda, akaufuta kwa leso, akaurudisha mfukoni. 

Kahawa ikapita mara ya pili, na nadharia zikaanza kupanda. Chuma akasema mabosi wote duniani ni watu walionyimwa vidude vya kuchezea utotoni, ndiyo maana sasa wanachezea watu. Mawimbi akasema hapana, kila mashine iliyoko duniani ilianza kama boksi la mtoto. Lifti, kwa mfano. Mtoto aliingia kwenye boksi, mwenzake akalivuta, basi. Karani akasema kazi zenyewe za watu wazima ni mchezo wa baba na mama, wamezidisha viti tu. Alikaa miaka thelathini na moja akigonga muhuri barua ambazo hazikufunguliwa, na jioni akaenda nyumbani akasema amechoka.

Chuma: Kwa hiyo mzee ulikuwa unacheza?

Karani: Nilikuwa nacheza, na sikujua. Ningejua ningefurahi kidogo.

Mawimbi: Mimi nasema hata kuchoka ni mchezo. Mtu mmoja wa zamani alijifanya amechoka, wengine wakaiga.

Zamu Mbili: Mlete huyo mtu.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kitu kwa robo saa. Alikuwa ameegemea ukuta, kikombe kimelala tumboni mwake, akitazama boksi. Lilikuwa limechorwa, limetobolewa na kugongwa muhuri, na bado halikuwa kitu. Niliona aibu. Boksi lile kalibeba kutoka ghalani kwa miguu, na alimwomba mtunza ghala mara tatu ndipo akalipata halijakanyagwa.

Wakati huo alikuja mama mmoja, mgeni kwangu, kandambili yake imekatika mkanda. Alinipa, nikaipokea, akasimama kwa mguu mmoja. Karani akajisogeza, mama akakaa kwenye ncha ya benchi, mguu mtupu juu ya mguu wenye kandambili.  Alisikiliza Chuma akieleza namna ya kupinda bati, akasikiliza Mawimbi na mlango wake wa benki, akamsikiliza Karani akisema kikulacho ki nguoni mwako, akimaanisha suruali iliyokatwa ikawa mwanasesere. Nilikuwa nimeshapitisha uzi wa pili alipomgeukia Zamu Mbili.

Mama: Samahani, baba. Huyo mtoto huwa anacheza nini?

Zamu Mbili: Anacheza tu. Kama watoto.

Mama: Ndiyo. Nini?

 Zamu Mbili akamwangalia Chuma, kama vile Chuma angejua. Chuma akaangalia chaki.

Zamu Mbili: Mimi asubuhi nikitoka getini nakuta ameshakwenda shule. Nalala. Saa tano anarudi, mimi bado nimelala. Saa saba naingia kwenye magunia. Saa kumi niko hapa. Saa kumi na mbili getini tena. Siku ya mapumziko nalala kutwa.

Mama: Na nyumbani ni mbali?

Zamu Mbili: Dakika kumi.

Hakuna aliyemwuliza, lakini alijieleza mwenyewe, kwa haraka.

Zamu Mbili: Siwezi kwenda saa hizi. Nikikaa tu nyumbani, nimelala. Na nikilala saa kumi siamki. Mama yake hurudi sokoni saa moja, hakuna wa kuniamsha. Nimeshachelewa geti mara mbili. Ya tatu nimeambiwa nisijisumbue kuja. Hapa angalau kuna kahawa na kelele za hawa.

Mama: Basi mwulize mama yake.

Zamu Mbili akatoa simu. Akaitazama, akatutazama sisi, maana alijua itakavyokuwa, akabonyeza spika hivyo hivyo. Ikaita mara tano.

Mkewe: Kuna nini? Umeumia?

Zamu Mbili: Sijaumia.

Mkewe: Mbona unapiga saa hizi?

Zamu Mbili: Nauliza tu. Binti yako akiwa nyumbani, anacheza nini?

Nyuma ya sauti yake kulisikika watu wa sokoni wakibishana bei. 

Mkewe: Anacheza baba amelala.

Zamu Mbili: Mchezo gani huo?

Mkewe: Ndio wake. Anamlaza yule mwanasesere wako, anamfunika shuka, anakaa mlangoni. Watoto wa jirani wakija anawaambia wasipige kelele, baba katoka kazini. Wenzake wameuchoka, maana hakuna kinachotokea. Wanakwenda zao, anabaki amekaa yeye.

Zamu Mbili: Yule mwanasesere si kamwonea aibu? Si hamtoi shuleni?

Mkewe: Nani kakwambia aibu? Amtoe kwenye makelele yale, aamke? Si ulimshona mwenyewe na macho yamefumba, na nguo ya lindo? Siku ile ile alisema, huyu ni baba. Nilidhani unajua.

 Mkewe akasema ana mteja, na simu ikakatika, na sisi wanne tukawa na kitu ambacho hakikuwa chetu. Chuma alianza kufuta duara moja ya chaki kwa kiganja. Ilikataa kufutika.

Mama alichukua kandambili mkononi mwangu, akaijaribu, akasimama. Kabla ya kuondoka akauliza tena, taratibu tu, kama mtu anayeuliza njia.

Mama: Na huyo baba wa kwenye mchezo, huamka saa ngapi?

Nilitazama Chuma. Chuma alitazama Mawimbi. Mawimbi, mwenye jibu la kila kitu kinachotumia betri, aliinama akafunga kamba ya kiatu kilichokwisha kufungwa. Karani alivuta pumzi ya methali, sote tukaingoja, haikuja. Akachukua chupa amimine kahawa badala yake. Yalitoka matone mawili na machicha.

Mama akaenda zake. Sikumdai kitu, wala hakukumbuka kuuliza.

Ilikuwa saa kumi na nusu. Ndipo nilipopiga hesabu ambayo sikuwahi kuipiga. Mtoto anarudi shule saa tano. Muda wa saa moja na nusu kabla ya geti, kila siku, mwaka wa pili sasa, tunaye sisi. Tunamnywesha kahawa asilale, tunampigia porojo za lifti na mabosi, na dakika kumi kutoka hapa kuna mtoto amekaa mlangoni anazuia kelele.

Mimi: Nenda nyumbani.

Zamu Mbili: Nikilala je?

Mimi: Sijui.

Zamu Mbili: Na boksi?

Mimi: Nenda nalo hivyo hivyo.

Akasimama.  Akanyanyua boksi lenye mafiga matatu na nusu, tundu moja na wino wa zambarau, akalitia kichwani. Alikuwa ameshapiga hatua nne Karani alipomwita. Mzee wa watu aliinuka kwenye benchi, jambo analolifanya mara mbili tu kwa siku, akamfuata, akamtia kitu mfukoni mwa shati. Kisha akarudi, akakaa, akaanza kuipangusa chupa yake tupu.

Mawimbi: Mzee, ule si muhuri na wino wake?

Karani: Mpira ulikuwa umeshaanza kukauka.

Kesho yake saa kumi Karani alimimina vikombe vitano kwa mazoea. Cha tano kilipoa pale benchini. Chuma alikuwa na hoja mpya kuhusu bati, akaianza, akaiacha njiani. Tulikaa tu. Tulimwogopea kazi yake, nadhani, na hakuna aliyetaka kulisema hilo kwanza.

Saa kumi na moja na nusu tukamwona anakuja, amevaa sare ya lindo, anaelekea getini. Hakukaa. Alisimama mbele ya benchi kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Vumbi la unga usoni lilikuwa limefutwa, tena si na yeye, maana lilifutwa kwa duara duara. Katikati ya paji la uso, zambarau, ilisomeka nusu: POKELEWA. Mikononi vilevile, mbele na nyuma.

Chuma: Ulilala?

Zamu Mbili: Nimelala siku zote mbili. Ndani ya boksi, miguu nje. Yeye kakaa mlangoni, anachungulia kwenye tundu. Jua likifika kwenye ngazi ananigonga muhuri. Nikigongwa naamka. Ndiyo sheria yake.

Mawimbi: Na shule? Alipeleka nini, sasa?

Zamu Mbili: Mwanasesere yule yule. Asubuhi kamgonga muhuri kwanza, mama yake anasema, halafu ndio akamtia begini.

Mimi: Akamtoa?

Zamu Mbili alijikuna paji la uso, akaona wino kidoleni, akaacha.

Zamu Mbili: Kamweka mezani. Kamkalisha. Mwalimu kamwuliza huyu nani, akasema ni baba, ameshaamka.

Akaaga, akashika njia ya getini. Hakuwa amechelewa.